Je, Kutazama Mapambano Kunaweza Kukufanya Upigane Vizuri Zaidi?

Juni 19, 1936, kwenye uwanja wa Yankee jijini New York, Max Schmeling wa Ujerumani alipanda ulingoni kupambana na Joe Louis. Louis alikuwa na miaka 22, hajapoteza pambano hata moja la kulipwa, na karibu kila aliyejua ngumi alishampa ushindi kabla kengele haijalia. Schmeling alikuwa na miaka 30, bingwa wa zamani wa dunia ambaye wengi walimwona amekwisha. Lakini alikuwa amemchunguza Louis, kwanza kwa kukaa karibu na ulingo akimwangalia akipigana, kisha kwa kurudia filamu za mapambano yake. Akagundua kwamba Louis akishamaliza kurusha ngumi ya kushoto, mkono ule haurudi moja kwa moja kulinda kidevu. Unashuka kwanza. Kwa muda mfupi sana upande ule wa uso unabaki wazi, na silaha kubwa ya Schmeling ilikuwa mkono wa kulia. Raundi ya 4 Louis akaenda chini kwa mara ya kwanza tangu aanze ngumi za kulipwa. Raundi ya 12 akahesabiwa hadi kumi.

Walirudiana Juni 22, 1938. Louis alimmaliza kwa sekunde 124, na Schmeling hakupata hata nafasi ya kuutafuta ule udhaifu aliokuwa ameuona.

Kisa hiki hupendwa na watu wanaoamini kwamba ukikaa mbele ya skrini vya kutosha, ngumi zitakuingia zenyewe. Mimi nakitaja kwa sababu nyingine. Mapambano ya Louis hayakuwa siri. Maelfu walikuwa wamemtazama, waandishi walichambua kila ushindi wake, na mabondia waliopangwa kukutana naye walikuwa na kila sababu ya kumsoma. Aliyeuona mkono ukishuka, na akajua la kufanya, alikuwa mtu aliyepigana mapambano zaidi ya 50 ya kulipwa, ambaye ngumi yake ya kulia ilishazoea kupita juu ya ngumi ya kushoto ya mpinzani. Filamu ilimpa habari. Ngumi alikuwa nayo tayari.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, kutazama kunasaidia, ila kunamsaidia mtu kwa kadiri ya kile ambacho mwili wake umeshajifunza. Anayefanya mazoezi atavuna kitu. Asiyefanya atapata burudani, maneno ya kubishania na wenzake, na kujiamini kusiko na msingi. Hilo la tatu linanitia wasiwasi kuliko yote, na nitalifikia.

Jicho linalosoma mwili

Ngumi iliyonyooka, ikitoka kwa mtu aliyesimama karibu, inaweza kufika kabla hujaitikia. Mtu mwenye afya anahitaji takriban milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde, kuona ishara rahisi na kuanza kusogea. Akilazimika kuchagua, ngumi inakuja kichwani au tumboni, kushoto au kulia, muda unaongezeka. Ndiyo maana bondia anayekwepa vizuri hangoji kuiona ngumi ikiwa njiani. Anaiona ikiandaliwa. Bega limetangulia kidogo, uzito umehamia mguu wa mbele, kiwiko kimeachana na mbavu, nyonga imeanza kuzunguka. Uwezo huu wa kusoma mwili kabla tendo halijatokea ni sehemu kubwa ya kile tunachokiita wepesi, na watu wengi wanaosifiwa kwa kasi ya mikono wanastahili sifa hiyo kwa macho yao.

Watafiti waliofuatilia macho ya wapiganaji wa karate na wa savate, ngumi za Kifaransa zinazotumia pia mateke, walikuta kwamba wazoefu hawaikimbizi mikono na miguu ya mpinzani. Wanatuliza macho kwenye kichwa na kifua, wanayahamisha mara chache, na mengine yote wanayaona pembeni. Mgeni hufanya kinyume: jicho linaruka kutoka ngumi hadi teke hadi ngumi, na kila linapofika limechelewa.

Sehemu hii ya ujuzi inaweza kufunzwa kwa video kweli. Unachukua video ya mpiganaji iliyorekodiwa kutoka mbele yake, unaisimamisha kabla ngumi haijafika, unasema kwa sauti kitakachofuata, halafu unaiachia uone kama ulipatia. Mbinu hii ya kukata picha kabla ya tukio hutumika pia kwa wachezaji wa tenisi na magolikipa wanaojifunza kusoma penalti. Sina shaka nayo. Lakini angalia sharti lake: video ipigwe kutoka mbele, pale ambapo mpinzani angesimama. Matangazo ya televisheni hayapigwi hivyo. Kamera kuu hukaa pembeni na juu kidogo, ili mtazamaji awaone wote wawili, na kutoka hapo bega linalotangulia, ambalo ndilo ulipaswa kulisoma, mara nyingi limefichwa na mwili wenyewe. Unaweza kutazama mapambano miaka mingi bila kuiona ngumi hata moja kama anavyoiona mtu inayemjia.

Kinachotokea kichwani

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kundi la Giacomo Rizzolatti huko Parma, Italia, lilikuta kwenye ubongo wa nyani seli za neva zilizofanya jambo la kushangaza. Seli hizo zilisisimka nyani alipokamata kitu, na zilisisimka tena alipomwona mtu akikamata kitu kile, ingawa yeye mwenyewe hakusogeza mkono. Zikaitwa seli za kioo, na kutoka hapo maneno yakavuka mpaka. Zimetumiwa kueleza karibu kila kitu, na kwenye michezo zimegeuzwa ahadi kwamba kumtazama bingwa ni sawa na kufanya mazoezi naye.

Ushahidi wenyewe una masharti zaidi ya hapo, na masharti hayo yanavutia kuliko ile ahadi. Mwaka 2005, Beatriz Calvo-Merino na wenzake walichapisha utafiti ambao wacheza baleti na wacheza kapoeira, mchezo wa Kibrazili unaochanganya ngoma na mapigano, walionyeshwa video za mitindo yote miwili huku ubongo wao ukipigwa picha. Sehemu za ubongo zinazoandaa matendo zilifanya kazi zaidi mtu alipotazama mtindo wake mwenyewe. Mtu anaweza kusema ni mazoea tu, kwamba mcheza baleti ameiona baleti mara nyingi zaidi. Basi mwaka uliofuata wakalipima hilo. Katika baleti kuna miondoko ya wanaume na miondoko ya wanawake, na kwa kuwa hufanya mazoezi pamoja, kila upande huuona mwingine siku zote bila kuufanya. Walipotazama, ubongo uliitikia zaidi ule mwondoko ambao mtu huufanya kwa mwili wake kuliko ule aliouona sana bila kuufanya. Macho yalikuwa na uzoefu ule ule. Tofauti ilitoka kwenye misuli.

Salvatore Aglioti na wenzake walilifikia jambo hilo kwa njia nyingine mwaka 2008, wakitumia mpira wa kikapu. Walionyesha video za mitupo huru zikiwa zimekatwa katika hatua mbalimbali, wakauliza: utaingia au hautaingia? Upande mmoja walikuwa wachezaji wa kiwango cha juu. Upande mwingine makocha na waandishi wa habari za michezo, watu ambao maisha yao yamejaa kutazama kikapu. Wachezaji walibashiri vizuri zaidi, na walibashiri mapema, wakiusoma mwili wa mtupaji kabla mpira haujatoka mkononi. Watazamaji wazoefu walitegemea zaidi njia ya mpira, yaani walingoja hadi jambo lilipokuwa limeshaanza kujionyesha. Huko kwenye kikapu kungoja kunakupunguzia alama za ubashiri. Ulingoni kungoja ni kupigwa.

Napenda utafiti huo kwa sababu unajibu hoja ya shabiki wa miaka mingi, anayesema macho yake yameshakuwa ya kocha. Macho yanaweza kujua mengi, na bado yakakosa kile ambacho mwili uliowahi kurusha hukitambua wenyewe.

Hata hivyo nisiupunje upande wa pili. Mwaka 2005 huko Kanada, Andrew Mattar na Paul Gribble walifanya jaribio ambalo watu walisogeza mkono wa roboti uliokuwa ukiwasukuma pembeni. Kulizoea sukumo lile kunahitaji kujaribu mara nyingi. Baadhi yao walitazama kwanza video ya mtu mwingine akijifunza, akikosea na kujirekebisha polepole. Zamu yao ilipofika walifanya vizuri kuliko wasiotazama. Waliotazama video ya sukumo la upande mwingine walifanya vibaya zaidi. Na hapa ndipo pa kutulia: waliotazama huku wakipiga hesabu kichwani hawakupoteza faida yao, lakini waliotazama huku mikono yao ikipewa kazi nyingine ya kusogeasogea waliipoteza kwa sehemu kubwa. Kumbe kutazama kwa namna hiyo ni kazi ya mfumo unaoongoza misuli, hata kama umekaa tuli.

Jambo lingine kwenye jaribio hilo linasahaulika kirahisi. Mtu aliyetazamwa alikuwa mwanafunzi anayekosea. Bingwa akitazamwa anakuonyesha jinsi jambo lilivyo likikamilika. Anayejifunza anakuonyesha kosa na njia ya kutoka ndani yake. Ukiwa kwenye ukumbi wa mazoezi umekaa pembeni kupumzika, mwenzako anayerekebishwa na kocha anaweza kukufaa kuliko pambano la ubingwa utakalolitazama usiku. Watu wengi muda huo huutumia kwenye simu.

Kujiamini kunakopanda peke yake

Mwaka 2018 Michael Kardas na Ed O'Brien wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha majaribio ambayo kila mpenzi wa mapambano angefaa kuyajua. Waliwaonyesha watu video za vitendo vinavyohitaji ustadi: kuvuta kitambaa cha meza bila kuangusha vyombo, kurusha vishale ubaoni, kutembea kinyumenyume kwa ule mtelezo uliopata umaarufu kwa Michael Jackson. Wengine walitazama mara 1, wengine mara 20. Waliotazama mara 20 waliamini zaidi kwamba wangeweza. Walipopewa nafasi ya kujaribu, hawakuwa bora kuliko waliotazama mara 1.

Katika jaribio jingine watu walitazama video ya kuchezesha pini hewani kwa kuzirusha na kuzidaka, kisha baadhi yao wakapewa pini wazishike tu kidogo. Kule kushika peke yake kulitosha kuwapunguzia imani. Uzito wa kitu mkononi uliwaambia ambacho video haikuwa nacho.

Sasa lihamishe hilo kwenye mapigano. Mtu anayedhani anaweza kurusha vishale akikosa, ubao hautamrudishia. Anayedhani anajua kupigana atagundua ukweli mbele ya mtu aliyekasirika, labda penye sakafu ngumu, na hakuna mwamuzi wa kuingilia kati. Ngumi ya kwanza puani hujaza macho machozi, pumzi inakatika, kidevu kinapanda chenyewe, na mikono inanyooka mbele kama ya mtu anayezuia mlango. Hakuna saa za video zinazouzoesha mwili hali hiyo. Kinachouzoesha ni kupigana mazoezini, polepole, na mwenzako anayekujali, ukiwa na kinga ya meno na kofia, chini ya mtu anayejua wakati wa kusimamisha. Nimeona vijana wakija siku ya kwanza wakiwa na majina ya ngumi zote mdomoni na historia ya mabingwa wote kichwani, halafu kwenye pedi, zile anazoshika kocha ili uzipige, kabla hata ya kuguswa, wanashangaa kwamba dakika mbili zinaweza kuwa ndefu vile. Hawastahili kuchekwa. Walidanganywa na jambo ambalo humdanganya binadamu yeyote.

Kamera inaacha nini nje

Televisheni hupeleka picha 25 au 30 kwa sekunde, wakati mwingine 50 au 60. Kwa picha 30, kila moja inachukua milisekunde 33 hivi. Ngumi ya haraka ya mkono wa mbele inaweza kuanza na kuisha ndani ya picha chache tu. Ukiisimamisha video utapata ngumi ikiwa imekunjwa, kisha ikiwa imefika. Ile safari ya katikati, ambako ndiko kuna namna ya kuzungusha ngumi, kutanguliza bega na kusukuma kwa mguu wa nyuma, imepotea au imekuwa ukungu. Picha iliyopunguzwa kasi inakurudishia umbo la tendo lakini inakunyang'anya muda wake, na kwenye ngumi muda ni nusu ya jambo lenyewe. Mtu anayejifunza kwa picha za polepole peke yake hupata mkao mzuri na ngumi zinazofika mahali ambapo mpinzani alikuwa.

Umbali nao haushikiki. Kwenye skrini wapiganaji wawili huonekana kama wamesimama tu wakingojeana. Ulingoni wanagombea nusu hatua: mmoja anataka afike pale ngumi yake inapofika na ya mwenzake isifike. Ngumi za kuzuga, macho yanayohadaa, bega linalotikisika bila ngumi kufuata, vyote vinaelekezwa kwa mtu mmoja aliye mbele, na aliye kwenye kiti haviji kwake.

Kwenye michezo ya kukabana hali ni tofauti kidogo, na hapa naona watu hukosea pande zote mbili. Novemba 12, 1993, huko Denver, Marekani, kwenye mashindano ya kwanza ya UFC, ya mapigano mseto yanayochanganya ngumi, mateke na kukabana, Royce Gracie, mpiganaji wa jiu-jitsu, mchezo wa kukabana chini, aliwashinda wapinzani watatu usiku mmoja, akiwemo mtu mwenye mwili mkubwa kuliko wake. Watazamaji wengi walibaki wakijiuliza wameona nini. Walitegemea ngumi, wakaona watu wawili wamelala wakikumbatiana, kisha mmoja anapiga mkono chini kukubali kushindwa. Jicho lisilowahi kukabwa halina pa kushika. Lakini mtu aliyeshafanya jiu-jitsu miezi kadhaa anaweza kujifunza mengi kwenye video kuliko bondia mwenye uzoefu kama wake, kwa sababu mapigano ya chini huenda hatua kwa hatua: mkono huu umeshika kola, goti limeingia hapa, nyonga imetoka pale. Unaweza kusimamisha, ukarudisha nyuma, kesho ukajaribu na mwenzako taratibu. Kitakachokosekana ni mkandamizo. Uzito wa mtu anayejua kukulalia kifuani, akikunyima pumzi bila kuonekana anafanya lolote, hauonekani kwa kamera yoyote.

Kuna na sheria, ambazo hubadilisha kinachofaa kuigwa. Glavu za ngumi za kulipwa huwa za aunsi 8 au 10. Za mapigano mseto huwa za aunsi 4 hivi. Bondia anaweza kuinua glavu mbili kubwa akajificha nyuma yake. Ukiiga kinga hiyo ukiwa na glavu ndogo, ngumi zinapita katikati na pembeni. Kwenye mashindano ya kimataifa ya judo, kushika miguu ili kumwangusha mpinzani kumepigwa marufuku kabisa tangu 2013, hivyo anayejifunza kwa kutazama judo ya miaka ya karibuni hataona kabisa shambulio ambalo mcheza mieleka atamletea sekunde ya kwanza. Kila unachokitazama kimeumbwa na kanuni za pale kilipofanyika.

Bingwa anayeigwa vibaya

Muhammad Ali ameharibu kinga za vijana wengi, na hakuna kosa lake lolote katika hilo. Alipigana mikono ikiwa chini, na ngumi zilipokuja kichwani alirudi nyuma moja kwa moja kwa kiwiliwili, kidevu juu, mambo ambayo kocha yeyote humkataza anayeanza. Yalimfaa kwa sababu miguu yake ilikuwa imeshapanga umbali kabla ngumi haijarushwa, na kwa sababu jicho lake lilipima kwa usahihi ambao wachache wamewahi kuwa nao. Mtazamaji huona mikono iliyoshuka. Ile miguu, iliyokuwa ikifanya kazi yote, haionekani kwa mtu asiyejua kuitafuta, na mara nyingi imekatwa nje ya picha. Hata Ali mwenyewe alilipia: Machi 8, 1971, raundi ya 15, ngumi ya kushoto ya Joe Frazier ilimkuta taya likiwa wazi na kumwangusha chali.

Video fupi za KO, yaani za mpiganaji anayeangushwa kwa ngumi asiweze kuendelea, zina tatizo la namna hiyo hiyo, tena baya zaidi. Zinakuonyesha ngumi ya mwisho na kuzikata raundi zilizoitengeneza. Mpiganaji amepiga tumbo kwa dakika nyingi hadi mikono ya mwenzake imeanza kushuka kulinda mbavu, ndipo ngumi ya juu ikaingia. Kwenye kipande cha sekunde 8 utaona ngumi ya juu. Ukaiga hiyo, mbele ya mtu ambaye mikono yake bado iko juu. Kama unataka kutazama kwa ajili ya kujifunza, tazama pambano zima, hata lile linalokuchosha, hasa lile linalokuchosha.

Kila mara suala hili likizungumzwa, mtu atamtaja Julius Yego. Ni haki kumtaja. Yego, Mkenya aliyepewa jina la Bwana YouTube, alijifunza mengi ya kurusha mkuki kwa kutazama video za warushaji wakubwa, akawa bingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mtupo wa mita 92.72, na mwaka uliofuata akatwaa medali ya fedha Olimpiki ya Rio. Lakini alikuwa akirusha mkuki tangu shuleni, kwa hiyo kila video ilikutana na mkono unaoujua mkuki, na baadaye alikwenda Finland kufanya mazoezi na kocha. Tena mkuki haukwepi. Mrushaji anaanza anapotaka, hakuna mtu anayemzuga, na tendo ni lile lile kila mara. Tendo la namna hiyo ndilo video inaloweza kulifundisha vizuri. Kwenye mapigano, linalofanana na mkuki ni sehemu chache: umbo la ngumi kwenye gunia, teke mbele ya kioo, kata za karate, yaani miondoko iliyopangwa inayofanywa bila mpinzani. Mengine yote yanamtegemea mtu mwingine anayejaribu kukuharibia.

Namna ya kutazama inayozaa kitu

Mike Tyson alipokuwa kijana chini ya kocha Cus D'Amato, huko Catskill katika jimbo la New York, alitazama filamu nyingi za mabondia wa zamani kutoka kwenye hazina kubwa ya Jim Jacobs, mkusanyaji wa filamu za ngumi. Mwaka 1986, akiwa na miaka 20, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Filamu zile zilifuatwa na mazoezi kila siku, na alichokiona usiku alikuwa na mahali pa kukipeleka. Hapo ndipo napenda kuelekeza mtu anayeuliza aanze wapi.

Aanze na swali moja analotoka nalo mazoezini. Tuseme kocha anamlalamikia kwamba akishapiga ngumi tatu anabaki amesimama pale pale, na anarudishiwa. Swali lake la jioni ni moja tu: hawa wanatokaje baada ya kupiga? Achague mpiganaji mwenye kimo kinachokaribiana na chake na anayesimama kwa mguu ule ule mbele. Azime sauti, kwa sababu watangazaji huvuta jicho kwenye ngumi zilizoingia na kulisahaulisha kila kilichotangulia. Raundi ya kwanza asitazame kitu kingine zaidi ya miguu ya mtu mmoja. Ataanza kuona kwamba hatua ya kutoka haiji baada ya ngumi ya tatu, bali huanza nayo. Mguu wa nyuma unazunguka wakati mkono bado uko njiani, na ngumi inapotua, mwili tayari umeshatoka kwenye mstari. Kingine atakachokiona ni mkono usiopiga: umegandishwa shavuni safari nzima. Dakika 3 za namna hii zinachosha kuliko saa 2 za kushangilia.

Halafu asimame pale pale alipo aijaribu hatua hiyo mara kadhaa, taratibu, bila mpinzani. Kesho ailete kwenye gunia, kisha kwenye pedi, kisha na mwenzake aliyeambiwa awe anamfuata kila akimaliza kupiga. Siku atakapoitumia kwenye sparingi, yaani pambano la mazoezi, bila kuifikiria, hapo imeingia. Kwa wengi inachukua wiki nyingi, na katikati huonekana kama wamerudi nyuma kwa sababu wanafikiri sana. Ni kawaida.

Kuisikia ngumi mwilini wakati unatazama, bila kusogea, nako si upuuzi. Tafiti nyingi kuhusu mazoezi ya kichwani zimekuta kwamba mtu anayejiona akifanya tendo huendelea kuliko asiyefanya chochote, ingawa hamfikii anayefanya kwa mwili. Kwa aliyeumia mkono au aliye safarini, ni njia nzuri ya kutopoa kabisa.

Kwa anayeanza kabisa ningesema atazame kidogo, na atazame kwa sababu anapenda. Faida yake kubwa kwa wakati huo ni hamu ya kurudi mazoezini, na hamu hiyo ina thamani yake. Kuchambua kutakuja mwili ukishakuwa na maswali. Kwa aliyeiva, anayejiandaa kwa pambano na mtu anayejulikana, kutazama kunakuwa kazi rasmi: huyu anaanza na nini, akichoka anaacha kufanya nini, akiguswa tumboni anajibu vipi.

Video ninayoiamini kuliko zote haina bingwa ndani yake. Ni ile ya simu iliyoegemezwa kwenye begi pembeni ya ulingo, ikikuonyesha wewe. Ndani yake utaona mkono wa kulia unaoshuka kila unapopiga wa kushoto, ilhali ungeapa kwamba hukuushusha; utaona kichwa kinabaki mstari mmoja raundi nzima, na miguu inavukana ukirudi nyuma. Mwili hutoa ripoti yake kwa upendeleo, na kamera haina upendeleo huo. Ipige kutoka pembe ile ile kila baada ya muda ili uweze kulinganisha, na mpe kocha aitazame kabla hujamwambia wewe umeona nini, kwa sababu mara nyingi hamtakuwa mmeona kitu kimoja.